Chujio la wazi kwenye Hilux ya dizeli: lina faida kwa gari la barabara za vumbi?

MkulimaWaKiteto

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nina Toyota Hilux yenye injini ya dizeli ya 2KD, lita 2.5, yenye turbo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), ambayo msimu wa mavuno hubeba mahindi kutoka mashambani Kiteto hadi soko la Kibaigwa, na sehemu kubwa ya safari hiyo ni vumbi tupu. Muuza spea mmoja amenishauri niondoe kasha zima la chujio la hewa lililokuja na gari, badala yake nifunge chujio la wazi lenye umbo la pia pamoja na bomba lake la alumini, akisema kwamba injini itapumua vizuri, itaongeza nguvu na itapunguza ulaji wa dizeli. Chujio lenyewe ni la pamba iliyopakwa mafuta, huoshwa na kurudishwa, na vyote viwili ni shilingi laki nne na nusu. Machujio ya karatasi ninayobadilisha kila mara yananimaliza mfukoni, kwa hiyo maneno yake yameniingia. Je, yupo aliyetumia kitu hiki katika mazingira kama yangu? Na ile snokeli, bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi usawa wa paa kwenye magari ya hifadhi, ina kazi gani kwa mtu asiyevuka mito?

FundiDizeli

Mkuu, huyo muuzaji amekueleza nusu ya jambo. Ni kweli kwamba injini hupumua, tena sana: ya lita 2.5 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika humeza takribani lita 2,500 za hewa kila dakika hata kabla turbo haijaongeza yake, yaani zaidi ya mapipa kumi na mawili yale ya lita 200. Hata hivyo, katika injini ya dizeli nguvu huamuliwa na kiasi cha mafuta kinachopulizwa na nozeli, na hewa huwa ya ziada karibu muda wote, kwa hiyo ukiongeza hewa bila kuongeza mafuta utakuwa umeongeza upepo unaotoka kwenye ekzosi tu. Gari lililopungukiwa hewa hujionyesha kwa moshi mweusi linapopanda mlima na mzigo, na hata hapo mimi huanza na chujio lililoziba, hozi iliyopasuka baada ya turbo, au nozeli zilizochoka, kabla sijafikiria kubadilisha kitu kilichobuniwa na kiwanda.

Jambo la pili ni joto. Kasha la kiwandani huvuta hewa kutoka kwenye madigadi, nje ya joto la injini, ilhali chujio la wazi huvuta ile ya chini ya boneti. Hewa ya nyuzi 60 ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30, kwa hiyo unalipa laki nne na nusu ili injini ivute hewa nyepesi zaidi.

Lakini kwako hayo yote ni madogo mbele ya vumbi. Chembe za mchanga wa kwarzi ni ngumu kuliko chuma cha silinda, nazo zikichanganyika na oili zinafanya kazi ya msasa: zinakula ringi, zinachora silinda, na kabla ya hapo zinakwangua kingo za feni ya turbo. Nilifungua pikapu moja iliyokuwa ikizunguka machimboni na chujio la wazi, ambalo mwenyewe aliliosha kwa bidii na kulipaka mafuta mwenyewe. Ilikuwa ikila oili lita moja kwa wiki, na feni ya turbo ilikuwa imelika kama meno ya msumeno. Pamba iliyopakwa mafuta hupitisha hewa kwa urahisi kwa sababu matundu yake ni makubwa, na tundu linalopitisha hewa kwa urahisi hupitisha na vumbi laini. Ukizidisha mafuta kwenye pamba, nayo yanaenda kuchafua sensa inayopima hewa inayoingia, kwa gari lenye sensa hiyo.

PetroliDar

Naomba nitofautiane kidogo na fundi. Mimi nina pikapu ya petroli, naishi Dar es Salaam, na chujio la pamba limo kwenye gari langu mwaka wa tatu bila tatizo. Sauti ya injini imekuwa nzuri, na ninapokanyaga mafuta gari linaitikia upesi zaidi. Nakiri kwamba sijaona tofauti yoyote ya ulaji wa mafuta, na nimekuwa nikiandika kila ninapojaza.

FundiDizeli

Kaka, kwa lami ya mjini sina ugomvi nawe, hasa kama umeliweka ndani ya kasha la kiwandani. Kuhusu ulaji, maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima mwaka 2009 magari ya petroli yakiwa na machujio yaliyozibwa kwa makusudi, na kwa magari ya kisasa ulaji haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichoshuka ni wepesi wa kuondoka. Sasa ikiwa kuziba hakukuongeza ulaji, kufungua kutaupunguza kwa njia gani?

DerevaLodwar

Ndugu wa Kiteto, nitajibu la snokeli. Mimi naendesha Land Cruiser pikapu yenye injini ya dizeli ya 1HZ huku Turkana, Kenya, ambako mto huwa mkavu miezi mingi, na snokeli sikuiweka kwa ajili ya maji. Vumbi zito hutembea chini, usawa wa matairi ya gari lililo mbele yako, kwa hiyo ukichota hewa usawa wa paa unapunguzia chujio kazi kubwa. Juu yake nimeweka kile kichwa chenye bakuli linaloonyesha ndani, ambacho huzungusha hewa ili mchanga urushwe pembeni. Jioni namwaga mchanga uliokusanyika humo. Chujio la karatasi sasa linadumu muda mrefu zaidi kuliko zamani. Hakikisha tu kwamba viungo vya ndani ya madigadi vimezibwa kwa silikoni, kwa kuwa mafundi wengi huviacha wazi, na hapo inakuwa pambo.

MkulimaWaKiteto

Nawashukuru nyote. Jana nilifungua kasha, nikapitisha kidole ndani ya hozi inayotoka kwenye chujio kwenda turbo, kikatoka na vumbi jekundu. Chujio ni la bei rahisi na mpira wake wa pembeni ni mgumu kama kuni. Pia chini ya kasha kuna tundu ambalo sikuwahi kulitilia maanani.

FundiDizeli

Tundu hilo lilikuwa na mdomo wa mpira unaotema vumbi zito na kujifunga injini inapovuta. Ukikosekana, kasha linavuta vumbi kutoka chini. Nunua mdomo huo na chujio halisi la karatasi, ukague na klipu zote za kasha. Usilipulize chujio kwa kompresa, kwa maana karatasi hutoboka bila wewe kuona. Likung'ute taratibu, kisha limulike kwa tochi kutokea ndani, na ukiona hata nukta moja ya mwanga, litupe. Kabla ya kufunga jipya, futa kasha na hozi kwa kitambaa chenye unyevu, na baada ya wiki moja ya kazi urudishe kidole palepale.