Naomba ushauri: Honda CG125 ya zamani inakosa mafuta ikishapata moto

Wakuu, heshima kwenu. Pikipiki inawaka kwa kiki moja na sailensa (mzunguko wa injini bila kuvuta mafuta) imetulia. Tatizo ni ikitoka Dodoma mjini kuelekea Bahi: baada ya kama kilomita 8 kwa mwendo wa 60 inaanza kumisi, nguvu inakata, inazima. Ukisubiri dakika tatu inawaka tena kama kawaida. Ukivuta choki nusu (inapunguza hewa) nguvu inarudi, na plagi inatoka nyeupe, kwa hiyo naamini mafuta ni machache mno kwa hewa inayoingia.

Kilichokaguliwa: kitundu cha hewa cha mfuniko wa tenki kimezibuliwa, na hata mfuniko ukiachwa wazi inazima vilevile. Jeti kubwa na ndogo za kabureta (vitundu vinavyopima petroli) zimepulizwa kwa kompresa, hazikuchokonolewa kwa waya maana waya unapanua tundu. Mpira kati ya kabureta na injini umenyunyiziwa maji, mlio haukubadilika, kwa hiyo hauvuti hewa.

Kinachonitia shaka ni hiki. Ukilegeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta (panapokaa petroli), petroli inatoka kwa kasi, halafu inabaki matone tu. Ukichomoa mpira wa mafuta, koki inamwaga vizuri kabisa. Basi kizuizi kiko pale inapokaa sindano ya boya, ile inayofungua na kufunga petroli ya kuingia kwenye bakuli.

Je, sindano yenye ncha iliyolika inaweza kunasa hivyo, au boya limepinda likafunga mapema? Nibadilishe sindano peke yake, au pamoja na boya? Vumbi la huku mnalijua, filta ya hewa ni mpya.