Kulungu wa Texas: tuwapige mapema wenye pembe mbovu, tuwaache wakomae, au tupunguze majike?

Msaka_Nyika
Wakuu, salaam. Niko Texas. Mimi na wenzangu wa kazini tumekodi shamba la kuwindia kulungu mkia-mweupe (white-tailed deer) kule Lee County, mashariki ya Austin. Halina uzio mrefu, kwa hiyo wanyama wanaingia na kutoka wapendavyo. Msimu unafunguliwa Novemba na bado hatujakubaliana. Kuna kambi tatu:

1. Spaiki wote, yaani madume wenye pembe mbili zilizonyooka bila tawi, wapigwe mapema mbegu yao isienee.
2. Dume asiguswe, hata pembe zake ziweje, mpaka afikishe miaka 5.
3. Tuachane na madume, tupige majike zaidi ili malisho yawatoshe watakaobaki.

Kamera zinatuonyesha spaiki wengi. Naomba hoja za watu wanaoifahamu kazi hii.

Mbogo_Mzee
Namba 1, bila kusita. Kuanzia 1974 idara ya wanyamapori ya Texas ilifuga kulungu pale Kerr Wildlife Management Area na kuwafuatilia kizazi hadi kizazi. Waliokuwa spaiki wakiwa na mwaka mmoja na nusu waliendelea kuwa na pembe ndogo kwa wastani hata ukubwani, na watoto wao wakawa vivyo hivyo. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Tena sheria ya Lee inawaruhusu: dume halali ni mwenye walau pembe moja isiyo na tawi, au mwenye upana wa ndani, kati ya pembe na pembe, wa inchi 13 na kuendelea.

Binti_Msitu
Mzee wangu Mbogo, shikamoo. Kazi ya Kerr ni ya kweli, ila ilifanyika zizini. Mle ndani chakula kinapimwa na dume wa kupandisha anachaguliwa na binadamu, kwa hiyo urithi unaonekana waziwazi. Shamba la Msaka liko wazi.

Tuanze na pembe yenyewe. Pembe ya nyati ikiota imeota, haidondoki. Ya kulungu ni mfupa mtupu, inadondoka kila mwaka baada ya msimu wa kupandana, kisha inaanza upya ikiwa imefunikwa ngozi laini yenye damu nyingi. Ili kuijenga, mwili unakopa madini hata kwenye mbavu. Sasa dume wa mwaka mmoja na nusu bado anajenga mifupa yake mwenyewe, na pembe inapata kilichobaki. Akiwa alizaliwa kwa kuchelewa, au mama yake alinyonyesha katikati ya ukame, anaweza kutoka spaiki na huku jeni zake hazina kasoro.

Watafiti Koerth na Kroll walilifuatilia hili kusini mwa Texas kwa kulungu wa porini, waliowakamata kwa nyavu kutoka helikopta, wakawatia alama na kuwakamata tena miaka iliyofuata. Walipofika miaka minne na nusu, waliowahi kuwa spaiki hawakuwa na tofauti ya maana na wenzao.

Na mama je? South Dakota walichukua kulungu wa Black Hills, ambao ni wadogo, wakawalisha vizuri sawasawa na wale wakubwa wa mashariki ya jimbo. Kizazi cha kwanza kilibaki kidogo hata kwa chakula kile. Wajukuu ndio waliokaribia ukubwa wa wale wengine. Njaa ya bibi ilikuwa bado inaonekana kichwani kwa mwanawe.

Kifaru_Dallas
Naongezea kwa Binti. Wale wanaodhani dume mmoja mkubwa ndiye baba wa kila mtoto wasome uchunguzi wa DNA. Madume wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili na nusu wanazalisha karibu theluthi ya watoto hata penye madume waliokomaa, na dume mmoja hapati watoto wengi kwa msimu. Kuna hata mapacha wenye baba tofauti. Halafu nusu ya jeni inatoka kwa jike, ambaye hana pembe ya kutazama. Utamchuja kwa kigezo gani?

Comanche Ranch, kusini mwa Texas, walijaribu kuchuja kwa ukali, yaani kuwapiga wenye pembe duni, kwa miaka mingi, watafiti wa taasisi ya wanyamapori ya Caesar Kleberg wakipima. Pembe za kizazi kilichofuata hazikuongezeka. Kilichotokea ni kwamba mahali palipochujwa sana, madume waliofika utu uzima wakawa haba.

Mbogo_Mzee
Nimesoma, na hoja ya DNA naikubali. Lakini msichanganye mambo mawili. Mwenye uzio mrefu, anayemjua baba na mama wa kila ndama, anaweza kubadili pembe kwa kuchagua, na Texas wapo wanaofanya hivyo. Na hata kwenye shamba wazi, dume wa miaka 4 au 5 mwenye pembe duni sioni sababu ya kumlinda. Nyama yake ni nzuri.

Binti_Msitu
Hapo tuko pamoja kabisa. Akishakomaa amejionyesha alivyo.

Mwana_wa_Rungwa
Habari zenu. Kulungu wenu siwajui, ila kwetu Tanzania jambo hili tumelipitia kwa simba. Kanuni inataka dume anayewindwa awe na miaka 6 au zaidi. Sababu ni ya kizazi: ukimpiga dume kijana, madume wageni wanachukua kundi na kuua watoto. Wa miaka 6 kwa kawaida ameshalea wake. Waongozaji wanafundishwa kutazama pua, maana inazidi kuwa nyeusi kadiri simba anavyozeeka. Manyoya ya shingoni yanadanganya. Nadhani pembe nazo zinawadanganya nyinyi hivyo hivyo.

Kifaru_Dallas
Umegusa penyewe, kaka. Mississippi waliweka sheria ya ncha nne miaka ya 1990, yaani dume halali ni mwenye pembe zenye ncha nne au zaidi. Vijana waliobahatika kuota pembe nzuri mapema ndio waliohalalishwa kupigwa, wanyonge wakasalimika. Baadaye pembe za waliokomaa zikaonekana kupungua katika baadhi ya maeneo. Ndiyo maana Texas, ilipoanza kanuni ya inchi 13 mwaka 2002 katika kaunti sita, Lee ikiwemo, ilitumia upana. Kulungu akisimamisha masikio, ncha hadi ncha ni kama inchi 13. Pembe zikipita nje ya masikio, aghalabu huyo si kijana.

Msaka_Nyika
Asanteni sana. Nimeshahama namba 1. Sasa nitajuaje umri akiwa hai, na namba 3 inaingiaje?

Binti_Msitu
Funika pembe kwa kidole kwenye picha, utazame mwili. Kijana ana shingo nyembamba, tumbo limeingia ndani, miguu inaonekana mirefu. Kuanzia miaka 5 shingo imeungana na kifua, tumbo limeshuka, mgongo umelegea kidogo, miguu inaonekana mifupi. Tumia picha za Novemba, shingo zikiwa zimevimba kwa msimu. Za Agosti zitakufanya umwone mzee kama kijana.

Namba 3 ndiyo ningeitilia mkazo kuliko zote. Dume anahitaji kama asilimia 16 ya protini kwenye chakula chake ili pembe zikue vizuri, na malisho yakiliwa hadi chini hata wa miaka 6 hatakuwa na kitu. Ila someni kanuni za kaunti kwanza. Ruhusa ya majike haifanani kila mahali, na wenye mashamba wengi hujiunga na mpango wa serikali wa MLDP ili wapangiwe idadi.

Kifaru_Dallas
Na kila mnayempiga, jike au dume, hifadhini taya la chini lenye tarehe. Mwenye jino la tatu la shavuni lenye vilima vitatu hajapita sana mwaka mmoja na nusu, maana hilo ni la utotoni na linalofuata lina viwili. Mkiwa hapo toeni pia sampuli ya CWD, ule ugonjwa wa kulungu unaoharibu ubongo. Upo Texas tangu 2012, na kulungu aliyeambukizwa anaweza kuonekana mzima kabisa.