Ushauri jamani: mbegu za maua nimwage sasa hivi Septemba au nisubiri? Mama anakuja Juni

MamaNasri
Habari zenu wapendwa. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa bustani za huku kwenye baridi maana nimeshaharibu mara moja sitaki kurudia. Niko Leicester, Uingereza, tumepata nyumba yenye kauwanja nyuma, mita sita kwa nne hivi, upande wa ukuta jua linapiga kuanzia saa tano mpaka jioni. Mama yangu yuko Lushoto na mwakani mwanzoni mwa Juni anakuja kunitembelea Mungu akipenda, atakaa miezi mitatu. Sasa mama yangu ni mtu wa maua, tangu tukiwa wadogo kwetu huwezi kufika mlangoni bila kupita katikati ya zinia. Nataka siku ya kwanza akifungua mlango wa nyuma akute maua yamesimama, sio udongo mtupu na mapipa ya taka.

Tatizo langu ni hili. Sisi tumezoea vuli ikikaribia watu wanaandaa shamba, mvua ya kwanza ikigusa tu mbegu ziko chini. Mwaka jana jirani yangu, bibi mmoja wa Kiingereza, akaniambia autumn ni wakati mzuri wa kumwaga mbegu za maua, na autumn tulifundishwa ndio vuli, nikaona ahaa kumbe hata huku ni hivohivo. Nikanunua pakiti za zinia, alizeti na kosmosi nikamwaga zote siku moja katikati ya Septemba. Na zikaota! Wiki haijaisha zinia zina vijani viwili viwili, nikampigia mama video akafurahi mpaka akaita majirani waje waone. Halafu asubuhi moja mwezi wa kumi mwishoni naamka nyasi zote nyeupe, natoka nje miche yote imelala, imekuwa myeusi na laini kama mchicha uliochemka. Haukubaki hata mmoja. Alizeti zilikuwa zimeshafika urefu wa kiganja.

Kwahiyo nauliza, yule bibi alikosea au mimi ndo sikumwelewa? Na nikisubiri mpaka Machi, Juni mwanzoni kutakuwa na ua lolote kweli? Udongo wangu ni mfinyanzi, mvua ikinyesha unabeba kilo nzima kwenye kila kiatu. Halafu mama anasema atakuja na mbegu zake za zinia, kazikausha mwenyewe kazifunga kwenye leso.

Bi_Saida_Reading
Pole sana mwanangu, hiyo ya kuamka ukakuta miche imeungua na baridi naijua, inauma kama kufiwa na kuku wote usiku mmoja.

Jirani yako hakukosea. Ila kuna maua ya aina mbili na hakuna aliyekwambia. Kuna yanayovumilia baridi, hayo kwao ni huku huku au nchi zenye baridi na mvua za kipupwe, na kuna yanayotoka nchi za joto kama zinia na kosmosi ambayo kwao ni Mexico. Haya ya pili hata ungeyafunika blanketi sakitu ikishuka yanakufa. Ukienda dukani geuza pakiti usome nyuma, utakuta wameandika HA au HHA. HA ndio yanayovumilia, mengi ya hayo unaruhusiwa kumwaga sasa hivi. HHA usiyaguse mpaka masika ya huku, Aprili ndani ya nyumba na nje mwisho wa Mei. Pakiti nyingine hazina hizo herufi, basi tazama ile chati ya miezi, kama Septemba imepakwa rangi kwenye kumwaga basi ni salama.

Ya kumwaga mwezi huu ni haya: konflawa, yale ya bluu, kalendula ya rangi ya chungwa, popi nyekundu za mashambani, popi za California, na nigela. Hiyo nigela ni ndugu yake habasoda kabisa, ukiona mbegu utajua mwenyewe, nyeusi zina kona kona. Mimi huwa namwaga kati ya tarehe 5 na 25 Septemba, ardhi bado ina joto la kiangazi na mvua zimeanza kwahiyo zinaota haraka, zinafika urefu wa kidole halafu baridi ikija zinasimama. Usishtuke, hazijafa, ziko chini zinatengeneza mizizi. Machi jua likirudi zinaondoka kwa kasi ambayo mbegu ya Machi haiwezi kuikimbiza. Mwisho wa Mei konflawa zangu zinanifika kiunoni zimeshaanza kutoa, za masika ndo kwanza ziko kwenye kifundo cha mguu. Kwa mama anayekuja Juni mwanzoni fanya sasa, usingoje.

Namna ya kumwaga: lima juu juu, vunja mabonge, pitisha reki mpaka udongo uwe kama unga wa muhogo uliochekechwa nusu. Samadi usiweke, utapata majani matupu na miche laini inayokufa na baridi. Chora mistari kwa mpini wa reki kina sentimita moja, mwagilia mstari KABLA ya kuweka mbegu, weka mbegu, funika. Najua watu wanapenda kurusha tu ionekane ya asili lakini magugu nayo yanaota mwezi huu huu, ukiwa na mistari kinachoota nje ya mstari unang'oa bila kuuliza mtu. Popi usizifunike, mbegu zake ni kama vumbi la ugoro na zinataka mwanga, changanya na mchanga mkavu kiganja kimoja umwage juu ukandamize kwa ubao.

Hamisi_254_Mpls
Huku kwetu Minnesota, Marekani, hiyo ya Septemba haiwezekani, nasema hivi ili msomaji aliye sehemu za baridi kali asiige. Hapa joto linashuka hadi minus 25, minus 30, mche ulioota Septemba haufiki Krismasi. Sisi tunafanya kinyume, tunangoja hadi Novemba katikati ardhi iko karibu kuganda ndio tunamwaga, lengo mbegu ISIOTE. Inalala chini ya theluji yote miezi minne mitano, inaamka yenyewe April.

Na kuna mbegu bila hiyo baridi hazioti kabisa. Nilinunua milkwidi, ile mimea ambayo viwavi wa kipepeo monarki hawali kitu kingine isipokuwa hiyo, nikapanda Mei, sikuona kitu. Mwaka uliofuata nikauliza mzee mmoja kanisani akacheka akaniambia hiyo mbegu inataka karibu mwezi mzima wa baridi na unyevu ndio ganda lifungue, ama uweke kwa friji ndani ya tishu mbichi ama uiachie winter ikufanyie kazi. Nikamwaga Novemba. June nilikuwa na miche haihesabiki.

Ingine tunafanya ni ya madumu ya maziwa, yale ya galoni. Unakata katikati, unatoboa chini, unaweka udongo wa kupandia, mbegu, unafunga na tepu, kifuniko cha mdomo unatoa, halafu unaweka nje kwa theluji January na unasahau. Inakuwa griinhausi ndogo. Hiyo dada hata wewe Leicester inaweza kukufaa kwa sababu ya huo udongo wako.

Zuhura_Brum
Bi Saida nakuheshimu lakini kwa udongo wa mfinyanzi mimi simshauri amwage vyote chini moja kwa moja. Mimi niko Birmingham na udongo wangu ndo huo huo, mwaka wa kwanza nilifuata vitabu nikamwaga Septemba zikaota vizuri, kisha Desemba na Januari maji yakatuama siku nyingi, miche ikaoza shingo. Haikuuliwa na baridi, iliuliwa na maji. Na iliyobaki ikaliwa na makoa, yale yasiyo na nyumba mgongoni, ukitoka usiku na tochi unayakuta yamejipanga kwenye mstari.

MamaNasri gawa nusu kwa nusu. Nusu mwaga ardhini lakini inua tuta sentimita 15 uchanganye changarawe ndogo, nusu sia kwenye trei za vyumba vyumba uweke nje mahali pana mwanga na mvua haipigi moja kwa moja, uhamishe Machi. Popi usizisie kwenye trei, mzizi wake unashuka moja kwa moja kama karoti hazitaki kuhamishwa.

Halafu Oktoba panda switipii, jamii ya njegere lakini mbegu zake ni sumu usimpe mtoto achezee. Tumia yale maboksi ya ndani ya karatasi ya chooni maana mzizi ni mrefu, mbegu moja moja, na weka juu mahali panya hawafiki, wanazipenda mno. Ikifika majani jozi mbili tatu kata ncha itoe matawi. Harufu yake mama akiisikia atakumbuka asumini.

La mbegu za mama: mwambie aziache nyumbani. Mbegu za kupanda kutoka Tanzania kuingia Uingereza zinatakiwa cheti cha afya ya mimea, bila hicho uwanja wa ndege wanazichukua, na mama mtu mzima kasafiri usiku kucha sio jambo la kumkuta kwenye foleni. Najua ni leso tu.

MamaNasri
Nimesoma yote mara mbili, Mungu awabariki. Nimegeuza pakiti za mwaka jana, zinia na kosmosi zote HHA. Ilikuwa imeandikwa muda wote. Hiyo ya leso imeniuma kidogo sijui nitamwambiaje, amezichambua moja moja.

Bi_Saida_Reading
Zuhura sawa kwa mfinyanzi uko sahihi, mimi nina kichanga nilisahau kuuliza hilo.

Mama Nasri, kuhusu mama yako. Nunua pakiti ya zinia hapa hapa uiweke. Siku ya pili akishapumzika mpe, mwachie nafasi ya mita moja karibu na ukuta amwage kwa mkono wake. Juni ardhi ina joto, zinia inachukua wiki nane mpaka kumi, Agosti atazikata mwenyewe kabla hajaondoka.

MamaNasri
Bi Saida umenitoa machozi. Nafanya hivo.

MamaNasri *(tarehe 9 Aprili)*
Narudi na mrejesho. Nilimwaga Septemba tarehe 20, nusu tuta nusu trei kama Zuhura alivyosema. Ardhini nigela zimepona karibu zote, ni vijani vyembamba kama vya karoti vimetandaa chini, kalendula ziko sawa, popi sijui maana nilizimwaga nene mno zimebanana kama nywele, nimeanza kupunguza niache kiganja kimoja kati ya mche na mche. Konflawa za ardhini makoa yalizimaliza mwezi wa kumi na moja. Za kwenye trei zilikuwa 36, zimebaki 31, nimeshazihamisha, jana nimepima moja ina sentimita 22 na katikati kuna kitu kigumu kama punje ya mtama, nadhani ndo kitumba. Switipii tisa zinapanda fito.

Mama ameelewa. Amesema leso atampa shangazi apande masika hii kule Lushoto, na yeye akifika anataka kwanza aone jembe langu.

Swali la mwisho Bi Saida, hizo konflawa kuzifungia vijiti nisubiri zifike urefu gani? Huku upepo wa Mei unavuma sana upande wa ukuta.

Bi_Saida_Reading
Weka sasa mwanangu, zikiwa fupi. Chomeka vimatawi vikavu vyenye panda katikati ya miche, zitakua zikipitia humo na Juni havitaonekana.