Mafundi wa kompyuta Moshi, rudisheni ramu yangu. Mashine haikuwa na ugonjwa mliousema

Wakuu, uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mwenye haraka apite. Mods msiuunganishe na zile nyuzi za "kompyuta yangu inaganda, msaada". Mimi sitafuti msaada, tatizo nimelimaliza mwenyewe. Nataka kusema tu.

Nina steshenari hapa Moshi, si mbali na Soko la Mbuyuni. Mashine tatu za mezani, prosesa za zamani za Core 2 Duo, mtumba, nilizinunua siku moja kwa mtu mmoja, zinafanana mpaka mikwaruzo. Kwa kazi zangu zinatosha: kuchapa mitihani ya shule, kuprinti fomu za kujiunga kidato cha tano, kujaza maombi ya mkopo wa chuo. Windows 10 ilipoachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, nikaweka Linux, mfumo endeshi mwingine, zote tatu. Nilisoma cheti cha IT miaka hiyo nikaishia kwenye laminesheni, kwa hiyo kupiga mfumo mpya hakunitishi.

Wiki haikuisha, zikaanza kuganda. Sisemi ule uzito wa kusubiri dakika mbili. Picha inasimama, mshale wa mausi unasimama, kama kuna wimbo unacheza sauti inang'ang'ania palepale ikikwaruza, na hakuna kitufe kinachosikia mpaka ubonyeze cha kuwashia kwa nguvu izime. Kuna mama alishuka kutoka Kibosho na mwanaye kujaza maombi ya mkopo. Tumefika katikati, kijana akafungua video ya maelekezo pembeni, mashine ikaganda. Tukaanza upya, ikaganda tena. Mama akaniambia taratibu, "Mwanangu, kama inashindikana sema tu, tutafute kwingine." Wakaondoka. Ningekuwa mimi ningeondoka mapema zaidi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwenda kwa mafundi.

Wa kwanza hakuiwasha hata mashine. Alifungua boksi, akapuliza vumbi, akasema "ramu imekufa hii, na Linux ndiyo imeiua." Ramu ni vile vijiti vya kumbukumbu ya muda. Elfu kumi na tano ya kuangalia. Nikamuuliza, fundi, mashine ziko tatu na zote zinaganda vilevile, ramu za mashine tatu zinakufaje wiki moja? Akanijibu kwamba umeme wa Moshi unacheza. Basi.

Wa pili aliniahidi Windows 11. Akaniambia ana njia ya kuruka ile kaguzi ya TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai, nikaamini, nikalipa. Alichonirudishia ni mashine isiyofika hata kwenye dirisha la kwanza, inajizima na kujiwasha. Nikaja kusoma baadaye kwamba kuanzia toleo la 24H2 la mwaka 2024, Windows 11 inadai prosesa yenye amri inayoitwa POPCNT, na Core 2 Duo haina. Kaguzi unaweza kuiruka. Amri isiyokuwemo ndani ya prosesa utairukaje? Pesa alikula, diski akaifuta, na faili za wateja zilizokuwa humo zimekwenda.

Wa tatu alibadilisha pawa saplai. Ikaganda jioni ileile. Akasema sasa itakuwa mazabodi. Huyu nitamrudia.

Nikarudisha Linux, nikafunga duka Jumapili, nikakaa na mashine moja na laptop yangu. Kwanza niliacha Memtest86+ ikikagua ramu usiku kucha. Asubuhi: makosa sifuri. Kwa hiyo maneno ya fundi wa kwanza nikayaweka kando. Halafu nikaandika kwenye daftari la madeni kila mara ilipoganda kulikuwa na nini kwenye skrini, na jibu lilikuwa pale siku zote, nisingehitaji hata cheti. Siku nzima ya kuchapa mitihani kwenye LibreOffice, haigandi. Kuprinti kurasa mia mbili, haigandi. Fungua brauza, weka video au ramani uivute ndani na nje, dakika nne ni nyingi. Nilirudia mara tano, mara tano ikaganda. Ramu mbovu haichagui programu namna hiyo.

Kisha nikataka kujua kama imekufa kweli au imezimia. Linux ina mlango wa nyuma kwenye kibodi: unashikilia Alt na kile kitufe cha PrtSc, unabonyeza S, halafu U, halafu B. S inamwaga data kwenye diski, U inafanya diski isiandikwe tena, B inawasha upya. Skrini imeganda kama jiwe, nikabonyeza, ikajiwasha yenyewe! Maana yake keneli, yaani kiini cha Linux, ilikuwa hai ndani, inanisikia, kilichokufa ni njia ya picha. Mara nyingine hata hiyo haikusikia, na hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu ikifa yote haiandiki chochote kwenye diski. Ukiwasha na kusoma logi (kumbukumbu za matukio) za mara iliyopita kwa journalctl -b -1, unakuta zimekatika ghafla kama mtu aliyekatiwa simu.

Dawa yake inaitwa netconsole. Keneli inarusha maneno yake kwenye kebo ya mtandao moja kwa moja kwenda mashine nyingine, haisubiri diski. Nikaunganisha laptop, nikaiweka isikilize mlango 6666, upande wa mgonjwa nikapandisha kiwango cha ujumbe kwa dmesg -n 8 (usipofanya hivyo utakesha unatazama skrini tupu, mimi nilikesha), nikafungua ramani nikaanza kuivuta. Dakika ya tatu ikaganda, na kwenye laptop ukashuka mstari huu:

ring 0 stalled for more than 10240msec

Na chini yake: GPU lockup, yaani kadi ya grafiki imekwama.

Nilicheka peke yangu dukani. Elfu zaidi ya mia moja nimeshamwaga kwa mafundi, na mashine muda wote ilikuwa inasema yenyewe inaumwa wapi.

Kwa wasiojua: kadi ya grafiki hupokea kazi kwa foleni. Draiva, programu inayoiongoza kadi, inapanga amri kwenye foleni hiyo na kusubiri kadi izimalize. Ikipita kama sekunde kumi bila foleni kusogea, draiva inatangaza kwamba kadi imekwama na inajaribu kuiamsha. Kadi hizi zilitengenezwa enzi ambazo brauza ilichora ukurasa kwa prosesa. Siku hizi brauza inaisukumia kadi kila kitu: kuteremsha ukurasa, video, ramani. Kadi inakwama, draiva inapojaribu kuiamsha haiamki, na wakati mwingine inavuta mashine nzima kuzimu pamoja nayo.

Kilichoniuma zaidi ni kukumbuka kwamba hata kwenye Windows 10 skrini ilikuwa inapiga weusi sekunde mbili tatu halafu inarudi, na tulikuwa tunasema ni kebo. Windows tangu enzi za Vista ina utaratibu wa kuipa kadi sekunde mbili, isipojibu inaiwasha upya kimyakimya. Kwa hiyo kadi zilikuwa zinakwama siku zote, ila zilikuwa na mtu wa kuzifichia aibu. Fundi wa kwanza aliyesingizia Linux alikuwa robo tu ya njia kutoka kwenye ukweli, lakini angefikaje na mashine hakuiwasha?

Tiba? Nilizima kitu kimoja kwenye mipangilio ya brauza, kile cha kutumia kadi ya grafiki kuongeza kasi. Kimoja tu, sikugusa kingine, ili nijue ni chenyewe. Ramani ileile, saa nzima, haikuganda. Nikafanya kwa zote tatu. Leo ni wiki ya tano. Video sasa zinailemea prosesa, feni inalia kama mashine ya kusaga, lakini wateja wangu hawaji kutazama sinema. Gharama ya matengenezo: sifuri.

Sasa narudi kwa fundi wa tatu. Katika kuchunguza nilipiga free -h, amri inayoonyesha ramu iliyopo, kwenye kila mashine. Mbili zinasoma karibu GB 4 kama nilivyozinunua. Ile iliyolala kwake siku mbili inasoma pungufu ya 3. Nikafungua boksi. Kijiti kimoja ni cha GB 2, cha pili kimekuwa cha GB 1, na kina vumbi jekundu ambalo si la dukani kwangu. Yaani nimekulipa unibadilishie pawa saplai isiyo na kosa, na ukaondoka na ramu isiyo na kosa!

Nilimpigia, akasema labda nimesahau nilivyonunua. Jana kanitumia ujumbe anauliza kama ile mashine mbovu nimeshaamua kuiuza, ana mteja. Sijamjibu. Sikutaji, unajijua, na najua nyuzi za huku unasoma. Vijiti vyangu vyote sita nilivigonga mhuri wa duka kwa wino wa zambarau upande wa nyuma siku nilipovinunua. Nimebaki navyo vitano.