MREJESHO: Mkoa kutajirika kwenye Birthright

Wakuu nimerudi, niliuliza kuhusu Birthright, ule mchezo wa mezani wa kuigiza watawala wa nchi za kubuni, mkoa ukistawi mtawala anafaidika nini maana mi nilikuwa nakamua kodi tu kila zamu. Basi nikalegeza, manung'uniko yakatulia, nikamwaga dhahabu na pointi za utawala kuupandisha toka levo 3 mpaka 4, na hapo ndo nikaelewa, mahekalu na vyama vya wafanyabiashara haviwezi kuzidi levo ya mkoa kwahiyo vyote vimepata pa kukulia.

Ila mchawi wetu kanuna balaa 😂 watu wakiongezeka uchawi wa ardhi unapungua, na pale ni tambarare, ambako uchawi wa ardhi ni 5 toa levo ya mkoa, kwahiyo kabakiwa na 1. Sasa anataka fidia, na zamu moja yenyewe ni miezi 3 ya mchezoni.