Uyoga wa njano wa porini Tabora, unaweza kuota huku Marangu?

Mtoto wa Sikonge: Wakuu habari za saa hizi. Mi kwetu Sikonge ila kazi imenileta Marangu, sasa mvua zikianza nakumbuka ule uyoga wetu wa njano, ule ambao chini una mikunjo inashuka mpaka kwenye shina, ukiungwa na karanga we acha tu. Huku nikiulizia sokoni naonyeshwa mamama, ule uyoga wa kulimwa. Swali: bi mkubwa akinitumia ule mkavu nikausaga nikaumwaga kihambani chini ya migomba na kahawa si utaota? Mvua ipo ya kutosha. Au kuna anayeuza mbegu?

Kata_Mti: Hauoti mkuu. Mvua haina shida, shida miti. Huo uyoga unaishi na mizizi ya miti kama mtundu, muba na jamaa zao wa miombo, yale mapori ya kwenu, nyuzi zake zinavaa ncha za mizizi kama soksi, wenyewe unaupa mti maji na madini na mti unaulisha sukari. Migomba na kahawa zina fangasi wao wengine kabisa, hawatoi uyoga wa kula. Ndo maana hata huko kwenu pori likifyekwa ikalimwa tumbaku uyoga unakata. Na mtu akikuambia anauza mbegu zake, hiyo hela kanywee mbege.

Dada wa Mufindi: Mbona uyoga unahama jamani? Huku kwenye mapaini kuna wa kahawia, juu unateleza ukiushika, chini hauna vile vijikurasa una vitundu vitundu, na kwenye pori la asili huukuti.

Kata_Mti: Dada umejibu mwenyewe, huo umekuja na mti wake. Zamani paini zilipoletwa Afrika miche ilikuwa inadumaa mpaka ilipowekewa udongo wa chini ya paini zilizokomaa. Kwa hiyo jamaa angeanza na miche ya mtundu na udongo wa kwao, halafu asubiri miaka, na bado Marangu kubichi na baridi sio nchi ya mtundu ile. Miombo ya karibu karibu mi naijua Kitulangalo njia ya Morogoro, ila ni hifadhi, uliza utaratibu kwanza.

Mangi Mdogo: Shemeji shuka tambarare penye vichuguu vikubwa, uyoga wa kichuguu wenyewe haujali mtundu wala muba, mchwa ndo wanaulima humo ndani, mvua zikikolea unatoboa juu. Ila nenda na mwenyeji anayeujua, usiokote wowote mweupe unaouona kwenye nyasi. Kuna mmoja mkubwa unavutia kweli, ukikomaa huku chini unageuka kijani, utatapika mpaka ujute.

Dada wa Mufindi: Na hiyo mamama usiidharau, inamea kwenye majani makavu ya migomba na hayo unayo bure.

Mtoto wa Sikonge: Sawa wakuu nimeelewa, mtundu siwezi kuusubiri. Bi mkubwa atautuma mkavu kwa basi, mwenye kujua nauli ya kifurushi Tabora mpaka Moshi anijuze.