Mapinduzi ya Ufilipino ya 1896: chanzo kilikuwa ardhi au kalamu?

Mtoa hoja:
Husemwa mara nyingi kwamba mapinduzi ya Ufilipino dhidi ya Hispania yalizaliwa na wasomi, na kwamba bila riwaya za José Rizal wananchi wasingeamka. Siikubali hoja hiyo kama ilivyo. Rizal alidai mageuzi, wala hakutaka vita. Katipunan, chama cha siri cha wanamapinduzi, kilipomtumia mjumbe uhamishoni Dapitan katikati ya mwaka 1896, alikataa kuunga mkono uasi aliouona haujaiva.

Kwangu mimi chanzo kikubwa ni ardhi. Mashirika ya watawa yalimiliki mashamba makubwa kuzunguka Manila, na mkulima ambaye babu yake ndiye aliyefyeka pori alijikuta mpangaji wa kulipa kodi inayopanda kila mara. Huko Calamba, kwao Rizal, wapangaji waliogombana na Wadominiko, moja ya mashirika hayo ya watawa, walifukuzwa mwaka 1890 na 1891, familia yake ikiwamo. Cavite, mkoa uliojaa mashamba ya namna hiyo, ndio uliogeuka ngome ya mapinduzi, na jumba la shamba la watawa huko Imus lilitekwa mapema Septemba 1896.

Mchangiaji:
Ndugu mtoa hoja, mbona Katipunan kilianzishwa mjini Manila, Julai 1892, mara tu baada ya Rizal kukamatwa? Andrés Bonifacio, mwanzilishi wake, alikuwa mfanyakazi wa ghala, hakuwa na shamba la kunyang'anywa, ila alizisoma riwaya hizo. Na mapadri Gómez, Burgos na Zamora, walionyongwa tarehe 17 Februari 1872 kwa kusingiziwa uasi wa Cavite, walichukiwa kwa kutetea haki ya mapadri wazalendo kupewa parokia. Ardhi haikuhusika.

Mtoa hoja:
Kwa Bonifacio umenibana, nami nakiri kwamba mjini kalamu ilitangulia. Kuhusu mapadri hao watatu, hata hivyo, tujiulize parokia zilikuwa mikononi mwa nani: ni mashirika yale yale ya watawa, kiasi kwamba aliyemnyima padri mzalendo altare ndiye huyo huyo aliyempandishia mkulima kodi ya shamba. Isitoshe, Agosti 1896, wafuasi wa Bonifacio walipotaka kuonyesha kwamba wameachana na Hispania, walichokichana mbele ya wenzao ni vyeti vyao vya kodi ya kichwa.